Nguo ya Zamani Inapogoma Kugeuzwa: Dalili, Vyanzo na Tiba

Karibu kila nguo iliyoniharibikia nikiigeuza iliharibika kwa sababu ileile: niliishika kama kitambaa kilichotoka dukani jana. Shati lililovaliwa miaka mitano limekwisha kufuliwa na kuanikwa juani mara nyingi, limelegea viwikoni, limelika kolani. Akiba yake ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo, ni nyembamba, lina matundu ya sindano ya kwanza, na lina umbo lililokusudiwa mwili mwingine. Fumua mishono yote, piga pasi mpaka litulie kama karatasi, bado mambo hayo yamo ndani ya kitambaa. Ndiyo maana kasoro hujitokeza mahali pamoja huku chanzo chake kikiwa mahali pengine, na anayepambana na pale panapoonekana atafumua na kushona mara tatu bila kufika.

Nimeanza na kasoro mbili zinazosumbua kuliko zote, nami nimezikalia kwa muda. Nyingine zina tiba fupi.

Sketi iliyotokana na suruali ya jinzi inajaa mbele, chini ya zipu

Hii huwakatisha tamaa wengi, kwa sababu kazi inaonekana imefanywa sawasawa: miguu imefumuliwa, pengo la katikati limejazwa kitambaa, upindo umekatwa. Ukiivaa, mbele panasimama pembe kana kwamba kuna kitu kimefichwa ndani.

Chanzo ni msamba. Mshono wa msamba haushuki wima. Unatoka kiunoni, kisha unapinda kuelekea katikati ya miguu ili upite chini ya mwili. Suruali inauhitaji mpindo huo, sketi haiuhitaji kabisa. Ukiuacha na kuunga kitambaa kingine pembeni yake, ile ziada haina pa kwenda, basi inasimama.

Tiba ni kufumua zaidi ya unavyodhani. Mbele, fumua kutoka chini mpaka sentimita 2 au 3 chini ya mwisho wa zipu. Nyuma, panda mpaka pale mshono unapoanza kunyooka, mara nyingi nusu ya njia kuelekea kiunoni au zaidi. Kisha laza suruali mezani, mkononi itakudanganya. Chukua upande mmoja wa msamba uulaze juu ya mwenzake, uusogeze mpaka kitambaa kilale chenyewe bila kusukumwa. Hapo bana kwa pini, piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, ivae kwanza. Ukiridhika, shona mishono miwili ya juu kwa uzi mnene unaofanana na ule wa zamani, halafu punguza ncha iliyobaki ndani.

Pembe ikibaki hata baada ya hapo, tazama inaanzia wapi. Ikiwa chini kidogo ya zipu, ulisimama mapema kufumua. Ikiwa inaanzia palepale zipu inapoishia, huwezi kupanda zaidi bila kuvunja mlango wa zipu. Acha mshono mpya upinde taratibu kwa sentimita 4 au 5 za mwanzo badala ya kuulazimisha unyooke mara moja.

Kile kipande cha kujazia kati nacho kina mambo yake. Kikikatwa mshazari, kitazidi kurefuka siku baada ya siku na kuning'inia chini ya upindo. Kikate kutoka kwenye miguu uliyoitoa, nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, zikielekea chini kama zilivyokuwa kwenye suruali. Kama umelazimika kukikata mshazari kwa sababu kitambaa ni kidogo, tundika sketi usiku kucha kabla ya kupinda. Na upindo wenyewe usiupime kutoka kiunoni, kwa maana makalio hula urefu na nyuma itapanda. Vaa sketi, simama wima, mtu mwingine apime kutoka sakafuni kwenda juu na kutia alama kwa chaki pande zote.

Shati kubwa limepunguzwa mbavuni, bado linaonekana gunia, na mikono haiinuki vizuri

Jambo hili nilijifunza kwa shati la marehemu baba. Nililitaka liwe langu, nikalibana mbavuni. Likanikaa kiunoni, lakini juu likabaki lake. Nilipoinua mkono shati zima lilipanda nao. Nikadhani kwapa limebana, nikalichimba zaidi. Likazidi kuwa baya. Nikachimba tena. Lile shati sikuweza kulirudisha, na mpaka leo linaniuma.

Hebu tazama linavyofanya kazi. Kwapa la nguo likiwa chini, mkono wa nguo umeshikizwa ubavuni, mbali na pale mkono wako unapoanzia. Ukiinua mkono, unanyanyua ubavu wote wa nguo. Kwapa likiwa juu, karibu na kwapa la mwili, mkono unazunguka peke yake na kiwiliwili kinatulia. Kwa hiyo dawa ya nguo inayopanda na mkono huwa ni kulipandisha kwapa, si kulishusha, ingawa macho yanakuambia kinyume.

Na gunia je? Hilo linatoka begani. Shati kubwa lina mshono wa bega ulioteremka chini ya mfupa. Ukibana mbavu tu, upana wote wa juu unabaki na unakusanyika kifuani na mgongoni. Fuata mpangilio huu, wala usiurukie katikati:

1. Ng'oa mikono yote miwili kwa kufumua, si kwa kukata. Utaihitaji akiba hiyo ya mshono.
2. Vaa shati bila mikono. Bana mshono wa bega kwa pini mpaka shati likae; ukiingiza sentimita 2 kwa ujumla, yaani 1 mbele na 1 nyuma, kwapa linapanda karibu sentimita 1.
3. Tia alama pale mfupa wa bega unapoishia. Chora kwapa jipya kutoka hapo, chini yake paishie sentimita 2 hadi 3 chini ya kwapa la mwili.
4. Sasa ndipo ubane mbavu, na ubavu wa mkono ufuate upana huohuo.
5. Pima mzunguko wa kwapa kwa kusimamisha futi kwenye ukingo wake. Pima na kichwa cha mkono, yaani ukingo wake wa juu unaoshonewa kwapani, vivyo hivyo.

Hatua hiyo ya 5 ndiyo inayorukwa. Kichwa cha mkono wa shati la kitambaa kisichovutika kinaweza kuzidi kwapa kwa sentimita 1 au 2, na ziada hiyo utaisambaza kwa vidole ukishona. Kikizidi mno, utapata mikunjo juu ya bega. Kikipungua, bega litavutwa na mgongo utaonyesha mistari ya kuvutika. Kwa kitambaa cha fulana, vilingane. Wengine huficha ziada kwa kuikusanya marinda begani. Kama marinda ulikuwa umeyataka tangu mwanzo, sawa, lakini yakiwa ya kuficha kosa yanajulikana, kwa sababu hukaa upande mmoja kuliko mwingine.

Kama shida yako ni kinyume, yaani nguo ni ndogo na kwapani imebana kweli, shona kikwapa: kipande cha mraba cha sentimita 8 hadi 10 kwa kila upande, kilichogeuzwa pembe ili mshazari wake ufuate mkono, kiungwe pale mishono minne inapokutana. Kifiche ndani ya kwapa na kitoe kwenye kitambaa kilekile, labda ndani ya upindo au nyuma ya mfuko.

Mshono wa fulana unafanya mawimbi

Mguu wa cherehani unakandamiza safu ya juu na kuivuta, huku meno yaliyo chini ya kitambaa yanaisukuma ya chini. Kitambaa kinachovutika kinashonwa kikiwa kimevutika, na uzi unakifungia hivyohivyo. Punguza mgandamizo wa mguu kama cherehani yako ina kirekebisho hicho. Tumia zigizaga nyembamba, upana wa milimita 0.5 hadi 1 na urefu wa 2.5, na mikono yako iongoze tu. Ikiwa bado inavimba, weka kipande cha karatasi nyembamba chini ya kitambaa, shona navyo pamoja, kisha ichane karatasi.

Kabla ya kufumua mawimbi uliyokwisha kuyashona, yape mvuke. Shika pasi juu ya mshono bila kuukandamiza, acha mvuke uingie, upapase mshono kwa kiganja, uache upoe hapohapo. Fulana ya pamba mara nyingi hurudi. Isiporudi, ndipo ufumue.

Shingo ya fulana inayobwagika mbele ina chanzo kingine: utepe wake ni mrefu mno. Utepe wa shingo lazima uwe mfupi kuliko tundu la shingo ili uivute ndani. Mimi huanza na asilimia 85. Tundu la sentimita 60 linapata utepe wa 51, ongeza akiba ya kuunganishia. Kitambaa kisichovutika sana kinataka 90. Ugawe utepe sehemu nne sawa na shingo sehemu nne, pini kwa pini, la sivyo uvutaji wote utaishia mgongoni.

Mshono wa ubavu umezunguka ukaja mbele

Pengine hukukosea wewe. Fulana nyingi hufumwa kama mrija, na msokoto wa uzi wenyewe unakipindisha kitambaa kikishafuliwa. Fulana ikiwa mpya ilikuwa imenyooshwa. Ulipoipata ilikuwa imekwisha kurudi kwenye tabia yake. Ukiikunja katikati kwa kufuata mishono ya ubavu na kukata hapo, umekata mshazari bila kujua.

Isahau mishono. Angalia kwa karibu upande wa nje wa kitambaa: kuna vijistari vyembamba kama mbavu vinavyokwenda juu chini. Fuata kimoja kwa pini kutoka shingoni mpaka upindoni. Huo ndio uelekeo wako. Laza mchoro wako sambamba nao, hata kama mshono wa zamani utapita katikati ya tumbo. Mshono huo ufumue, au uufanye pambo.

Cherehani inaruka mishono

Sindano ikishuka na kuanza kupanda, uzi unafanya kitanzi kidogo nyuma ya tundu lake, na ndoana ya chini inakidaka. Kitanzi kisipotokea, mshono unarukwa. Kwenye fulana, kitambaa hung'ang'ania sindano na kupanda nayo, kitanzi kinakufa. Badili sindano uweke yenye ncha ya mviringo, namba 75 au 80. Kwenye jinzi, sindano nyembamba inapinda na ndoana inapita pembeni. Weka ya jinzi, namba 90 au 100, na urefu wa mshono uwe milimita 3 au zaidi kidogo.

Ikiruka pale tu mishono minene inapokutana, mguu umeinama. Kunja kitambaa mpaka kifikie unene uleule, kiweke nyuma ya mguu ili usimame sawa, na pita mlima huo kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Kugonga mshono kwa nyundo juu ya ubao kabla ya kushona kunasaidia sana.

Usianze na kuzungusha kirekebisho cha mkazo wa uzi. Watu huanza hapo, na wakishakivuruga wanakuwa na matatizo mawili. Anza na sindano mpya, kisha pitisha uzi upya mguu ukiwa juu, kisha itazame bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Na ule uzi wa urithi ulioukuta kwenye kopo, ukate kipande uvute kwa mikono miwili: ukikatika bila ubishi, haufai kushonea nguo.

Mshono umesinyaa kwenye kitambaa chembamba

Sindano butu, mshono mrefu mno, au bobini iliyojazwa kwa kasi. Uzi wa poliesta ukijazwa kwa kasi huvutika kama mpira, ukishashonwa unarudi na kukunja kitambaa. Jaza upya polepole, weka sindano namba 70, fupisha mshono uwe milimita 2.

Mstari wa upindo wa zamani hauondoki

Kwanza ujue ni mstari wa nini, maana kuna aina tatu na zinafanana. Ukiwa mkunjo tu, changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, jaribu mahali pa siri kwanza kuona kama rangi inavumilia, lowesha mstari na upige pasi juu ya kitambaa cha pamba. Ukiwa ni uchafu uliokaa kwenye kunjo, sabuni na burashi laini. Ukiwa rangi imepauka kwa jua huku sehemu iliyofichwa imebaki nzito, hakuna pasi wala siki itakayourudisha. Ufunike kwa utepe, kwa rinda dogo la mlalo, au kwa safu za mshono wa juu zinazorudiwa mara tatu nne ili zionekane zimekusudiwa.

Matundu ya sindano ya zamani kwenye pamba hujifunga yakifuliwa na kukwaruzwa kwa ukucha. Kwenye ngozi, na kwenye hariri iliyofumwa kwa kubana, hayajifungi. Huko mshono mpya upite juu ya ule wa zamani au usogee kuelekea mwili wa nguo, ili matundu yabaki kwenye akiba ya mshono; kamwe usisogee kuelekea ukingo wa kitambaa.

Vipande vya nguo mbili vimegombana baada ya kufuliwa

Gauni lililounganisha shati la zamani na kitambaa kipya linatoka majini limekunjamana kwenye kiungo. Shati lilikwisha kusinyaa zamani. Kile kipya kimesinyaa sasa. Kitambaa kipya cha pamba kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa namna ileile nguo itakavyofuliwa baadaye. Sufu na pamba zikiunganishwa, nguo nzima ifuliwe kwa masharti ya sufu, yaani maji baridi bila kusugua.

Kwa rangi, bana kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya kile chekundu au cha buluu nzito, pitisha pasi ya moto. Cheupe kikitoka na doa, fua hicho cha rangi peke yake mpaka kiache kutoa, au kisikae kabisa na vyeupe.

Ikiwa vipande viwili vya kodrai au mahameli vilivyotoka nguo moja vinaonekana rangi mbili, kimoja umekigeuza juu chini. Papasa: ukielekea upande mmoja panateleza, ukirudi panakwaruza. Vyote vielekee njia moja. Hapa hakuna tiba nyingine ila kukata upya, ndiyo maana mimi huchora mshale wa chaki nyuma ya kila kipande kabla sijakitenganisha na nguo yake.

Kitambaa kinachanika kando ya mshono, si kwenye mshono

Uzi umeshinda kitambaa. Ukishona tena kwa uzi ule mnene, kitachanika kando ya mshono mpya. Lakini hili lilitakiwa lionekane kabla ya mkasi. Inua nguo kwenye mwanga: palipochoka panapitisha mwanga kuliko pengine, hasa makalioni, ndani ya mapaja, viwikoni, na mgongoni kati ya mabega ambako jua linapiga. Kisha shika kitambaa kwa vidole gumba viwili uvute kwa nguvu ya kawaida, kwa urefu na kwa upana. Kikitoa mlio wa nyuzi, hapo hapastahili kubeba mshono.

Palipochoka kidogo panaokolewa. Bandika kwa pasi kitambaa chepesi cha gamu upande wa nyuma, kipite eneo dhaifu kwa sentimita 2 pande zote, na kingo zake uzikate mviringo ili zisichore pembe upande wa nje. Tumia uzi mwembamba wa pamba na mshono wa milimita 3. Mishono mifupi mno inatoboa kitambaa kama stempu. Pinda mshono upande mmoja badala ya kuufungua.

Palipochoka sana, panga upya vipande. Mgongo wa shati mara nyingi ni mzima chini ya mabega, na sehemu ya mbele iliyokuwa chini ya mfuko ni kama mpya. Ukishona gauni la mtoto kutoka shati la mtu mzima, weka kile kizima begani na kwapani ambako kunavutwa, na kile chepesi kipeleke kwenye marinda ya chini ambayo hayabebi kitu. Ikiwa hata vipande hivyo vinatoa mlio ukivivuta, ng'oa vifungo na zipu uviweke, na kitambaa kitumie kujaribia mchoro kabla ya kukata nguo nyingine iliyo nzima.